Kushuka Rufiji kwa kafi baada ya saratani ya titi: jibu kwa dada wa Utete

Dada mmoja mzaliwa wa Utete ameniandikia. Mwaka juzi aligundulika na saratani ya titi la kushoto. Alitolewa titi pamoja na tezi za kwapa, akapewa dripu za kemo zikiwemo zile za dawa nyekundu, akamalizia na mionzi. Sasa ni mwezi wa nane tangu mionzi iishe, na kila siku anameza kidonge cha tamoksifeni, cha kuzuia saratani isirudi. Baba yake alikuwa mvuvi, na yeye ameshika kafi tangu utotoni. Anataka kushuka Mto Rufiji kwa mtumbwi, kuanzia Mloka hadi baharini kupitia delta, akichangisha fedha kwa ajili ya wagonjwa wengine. Ana maswali matatu: mwili wake utaweza? Fedha azichangishe vipi ili ziwafikie walengwa? Na amjibu nini mume wake, anayemwambia kwamba Mungu akishakuponya usimjaribu?

Dada yangu, pole kwa yote uliyopitia, na hongera kwa kufika hapo ulipo. Kwa maelezo uliyonipa, mwili wako unaweza kuifanya safari hii ukiandaliwa vizuri. Ila usianze na mtumbwi, wala na namba ya michango. Anza na jambo ambalo wengi hulikumbuka mambo yakishaharibika: nani atakuwa na mamlaka ya kusema "basi, tunaishia hapa", na atalisema akiona dalili zipi. Hilo likishakaa sawa, mengine yote yanapangika.

Naliweka mbele kwa sababu ya watu wawili ambao safari zao nimezifuatilia kwa karibu kuliko nyingine za aina hii.

Wa kwanza ni Maarten van der Weijden, Mholanzi, mwogeleaji wa masafa marefu. Mwaka 2001, akiwa kijana wa miaka 20, alipatikana na saratani kali ya damu. Akapewa kemo, akapandikizwa seli za uboho, akarudi majini taratibu, na mwaka 2008 kwenye Olimpiki ya Beijing akatwaa dhahabu ya kilomita 10 katika maji ya wazi. Agosti 2018 aliingia majini mjini Leeuwarden, jimbo la Friesland, ili aogelee mzunguko wa miji kumi na moja. Ni njia ya mito, mifereji na maziwa yenye urefu wa takribani kilomita 200, ambayo Waholanzi huienzi kwa mbio za kuteleza juu ya barafu. Majira ya baridi yasipokuwa makali hazifanyiki, na mara ya mwisho zilifanyika mwaka 1997. Yeye alitaka kuizunguka kwa kuogelea, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Hakufika mwisho. Baada ya saa 55 na kilomita 163 afya yake ilikuwa imezorota, akatolewa majini kwa sababu za kitabibu. Hata hivyo michango iliendelea kuingia hadi ikafika karibu euro milioni 5. Juni 2019 alirudi kwenye maji yale yale, akamaliza kilomita 195 kwa saa 74, na safari hiyo ikaleta zaidi ya euro milioni 6.

Wa pili hakupita mtoni, lakini hakuna anayeweza kuzungumzia jambo hili akamruka. Terry Fox, kijana wa Kanada, alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kutoka St. John's, pwani ya mashariki kabisa ya nchi yake, kwa mguu mmoja wake na mmoja wa bandia, umbali wa karibu marathoni nzima kila siku. Tarehe 1 Septemba, baada ya siku 143 na kilomita 5,373, alisimama nje kidogo ya Thunder Bay akiwa anakohoa na kifua kinamuuma. Saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Alifariki Juni 1981, akiwa na miaka 22.

Sasa angalia fedha. Siku Terry aliposimama, alikuwa amekusanya dola za Kanada milioni 1.7 hivi. Miezi mitano baadaye, yeye akiwa hospitalini na nyumbani, zilikuwa zimezidi milioni 24, yaani dola moja kwa kila Mkanada, kama alivyokuwa ameomba. Maarten naye alipata mamilioni kwa safari ambayo haikukamilika. Wachangiaji hawakuwa wakilipia kilomita. Walimwona mtu aliyeonja ugonjwa akiwahangaikia wenzake, nao wakatoa. Kwa hiyo, dada, usije ukaamini, ukiwa katikati ya mto na homa mwilini, kwamba ukiishia Utete badala ya kufika baharini utakuwa umewaangusha waliokuchangia.

Jambo jingine kuhusu Terry lazima niliseme, maana wagonjwa huniuliza. Mbio hazikusambaza saratani yake. Saratani ya mfupa ya aina ile ina tabia ya kwenda kwenye mapafu hata kwa mtu aliyelala kitandani. Mazoezi hayatawanyi saratani mwilini. Hofu hiyo imewakalisha watu wengi bure. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa wamemaliza upasuaji na kemo. Nusu walisimamiwa katika mpango wa mazoezi kwa miaka mitatu, nusu wakapewa maelezo tu. Baada ya miaka mitano, asilimia 80 ya waliofanya mazoezi walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 74 ya wenzao. Ule ulikuwa utumbo na siyo titi, na mazoezi yenyewe yalikuwa ya kiasi, mengi yakiwa ya kutembea kwa kasi. Wala hayafanani na kupiga kafi kutwa nzima juani. Lakini hofu kwamba kuuchosha mwili kutaiamsha saratani, iondoe.

Tuje kwenye mkono wako wa kushoto, kwa kuwa ndiyo hoja nzito zaidi katika barua yako.

Tezi za kwapa zikitolewa, na mionzi ikapita juu yake, njia za kurudisha majimaji ya mkono hupungua. Baadhi ya wanawake mkono huvimba, miezi au hata miaka baadaye, na uvimbe huo ukishajenga makazi ni vigumu kuuondoa. Ndiyo maana kwa miaka mingi sisi madaktari tuliwaambia wanawake: usibebe ndoo, usitwange, usifue kwa mkono huo. Kupiga kafi hata hatukukutaja, tulidhani hakuna atakayefikiria. Mwaka 1996, huko Vancouver, daktari wa michezo aitwaye Don McKenzie aliamua kulipima jambo hilo badala ya kulirithi. Aliwachukua wanawake 24 waliotibiwa saratani ya titi, akawafanyisha mazoezi kwa miezi kadhaa, kisha akawapandisha kwenye mitumbwi mirefu ya mashindano yenye asili ya China, ile inayopigwa makafi na watu ishirini kwa pamoja. Hakuna mkono mpya uliovimba. Walikuwa wachache, kwa hiyo peke yake haikutosha. Mwaka 2009 utafiti mwingine uliwafuata wanawake 141 ambao tayari walikuwa na uvimbe wa mkono. Nusu walinyanyua vyuma, wakianza na uzito mdogo sana na kuongeza kidogo kidogo. Mikono yao haikuvimba zaidi ya wenzao, na vipindi vya uvimbe kupamba moto vilikuwa vichache kwao. Leo timu za wanawake wapiga kafi waliotibiwa saratani ya titi zipo kwenye mito na maziwa ya nchi nyingi.

Neno la kushika hapo ni kidogo kidogo. Mkono unaoanza na nusu saa na kupanda kwa wiki nyingi hujenga njia za kuhimili kazi. Mkono uliokaa miezi minane ukishika vijiko na vitambaa, halafu ukapiga kafi saa sita siku ya kwanza kwa sababu umezaliwa mtoni, huo ndio unaovimba. Kumbukumbu ya utotoni itakudanganya. Ufundi unao bado, lakini nguvu ziliondoka na kemo. Jipe miezi mitatu hadi minne. Anza ukingoni mwa mto pale Utete kwa dakika ishirini siku tatu kwa wiki, maji yakiwa yametulia, ukibadilisha upande wa kafi kila baada ya dakika chache. Ukitumia pondo, kumbuka inavuta bega kuliko kafi; bega lililopigwa mionzi hukakamaa, kwa hiyo mtafute mtaalamu wa fiziotherapia akupime kama mkono unanyanyuka hadi sikioni bila kuvuta kovu.

Nunua futi ya fundi cherehani. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kazi yoyote, pima mkono wa kushoto sehemu nne: kiganja, kifundo, upana wa kiganja kimoja chini ya kiwiko, na upana huo huo juu yake. Kisha pima wa kulia sehemu hizo hizo. Andika kwenye daftari. Kutofautiana kidogo ni kawaida, hasa mkono unaotumika zaidi. Mkono wa kushoto ukiongezeka sentimita 2 ukilinganisha na ulivyokuwa mwanzo, acha mazoezi, njoo tuuangalie. Wengine huvaa soksi ya mkono ya kubana wakati wa kazi. Yako ipimwe na mtaalamu, kwa sababu inayobana vibaya huleta madhara kuliko faida.

Na kuanzia sasa ngozi ya mkono ule ilinde. Malengelenge ya kafi, mkwaruzo wa ubao, miba, na kule delta makombe ya chaza yaliyoshika kwenye mizizi ya mikoko, yote hayo ni milango ya bakteria. Glavu nyepesi, sabuni, maji safi, dawa ya kusafishia vidonda. Mkono ukianza kuwa mwekundu na wa moto, na ukahisi baridi mwilini, unahitaji antibaiotiki siku hiyo hiyo. Usisubiri kesho.

Moyo. Ile dawa nyekundu, doksorubisini, hufanya kazi nzuri dhidi ya saratani lakini inaweza kuudhoofisha msuli wa moyo, na wakati mwingine udhaifu huo haujitangazi mpaka mtu ajitume sana. Kabla hujaanza mazoezi yoyote, omba kipimo cha eko, yaani ultrasound ya moyo. Hiki sikipunguzii bei. Eko ikiwa nzuri, nitakuruhusu kuanza. Ikiwa mbaya, kuna namna nyingine ya kwenda ambayo nitaieleza mwishoni.

Tamoksifeni haikuzuii, ila inaongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kukaa magoti yamekunjwa ndani ya mtumbwi kutwa nzima hakusaidii. Shuka kila baada ya saa moja na nusu, utembee, unywe maji. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, au pumzi inakatika ukiwa umekaa, hiyo ni dharura. Kidonge usiache kumeza kwa uamuzi wako. Na kama vidole bado vina ganzi kutokana na kemo, vikague kwa macho kila jioni, kwa sababu havitakwambia kwamba vimechubuka.

Wasomaji wengine ambao bado mko kwenye dripu, au mna mrija wa dawa kifuani au mkononi, jibu langu kwenu ni tofauti: mtoni bado. Siku ya saba hadi ya kumi na nne baada ya dripu, askari weupe wa damu huwa wachache mno. Homa ya nyuzi 38 katika siku hizo inatakiwa ikutane na antibaiotiki ya mshipa ndani ya saa moja, na hakuna mtumbwi utakaokufikisha hospitali kwa saa moja kutoka katikati ya mikoko. Maji ya mto kwenye mrija wa dawa ni hatari hivyo hivyo. Dada yetu yeye amemaliza kemo zamani, na damu kwa kawaida hurudi sawa ndani ya wiki chache. Hata hivyo picha kamili ya damu aipime kabla ya kuondoka.

Kuhusu mto wenyewe wewe unaujua kuliko mimi, kwa hiyo nitasema machache. Tangu Bwawa la Julius Nyerere likamilike, maji ya mto chini ya bwawa hayafuati tena masika na kiangazi peke yake, yanafuata pia milango ya bwawa. Na mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti nadhani hujayasahau. Ongea na wanaohusika na bwawa kabla ya kupanga tarehe. Kiangazi mto hupungua, mafungu ya mchanga huibuka, viboko hubanana kwenye vina vilivyobaki, na mamba nao hawako mbali. Msisafiri alfajiri wala magharibi, wakati viboko wanapotoka na kurudi malishoni. Usichote maji wala kunawia ukingoni ambako watu huchota kila siku. Mamba hujifunza ratiba. Ukishapita daraja la Mkapa na kuingia delta, kalenda yako ni ya kupwa na kujaa. Wazee wa Simba Uranga na Msala watakwambia ni siku zipi za bamvua mkondo unakuwa mkali, na ni saa ngapi mtoke ili maji yawasukume badala ya kuwazuia. Kumalizia Nyamisati, kwenye gati ya kwendea Mafia, ni chaguo zuri: pana barabara, na watu wa kukupokea.

Boti ya injini iwafuate muda wote, na kila mtu avae jaketi la kuokolea hata kama ni bingwa wa kuogelea. Chandarua usikose. Kichocho kipo, kwa hiyo wiki kadhaa baada ya safari pima na utibiwe. Na homa: kwetu homa huitwa malaria kabla ya kupimwa. Beba vipimo vya haraka vya malaria na kipimajoto kwenye mfuko usiopitisha maji. Kipimo kikionyesha malaria, tibu malaria, lakini kagua mkono pia, maana viwili hivyo vinaweza kuja pamoja.

Sasa narudi kwenye yule wa kusema "basi". Awe muuguzi au tabibu aliye ndani ya boti ya pili. Asiwe ndugu, asiwe mtu ambaye kazi au sifa yake inategemea ufike. Kaeni nyumbani kabla ya safari, mwandike karatasi moja: homa ya 38 au zaidi, mkono umeongezeka sentimita 2, au umekuwa mwekundu, mguu mmoja umevimba, pumzi inakata, maumivu mapya ya mfupa yanayokuamsha usiku, kutapika kiasi cha kushindwa kunywa. Moja tu likitokea, unapandishwa kwenye boti mpaka hospitali iliyo karibu, Utete au Kibiti kulingana na mlipo, na umbali wa kila kituo mmeshaupima kwa saa. Weka sahihi wewe, aweke yeye, aweke mumeo. Kisha watangazie wachangiaji tangu siku ya kwanza kwamba karatasi hiyo ipo na nani anaishika. Ukitangaza mapema, kusimama kutakuwa sehemu ya mpango ambao kila mtu aliukubali, na hutakuwa na haja ya kujitetea mbele ya kamera ukiwa mgonjwa.

Fedha. Umeandika unataka "kuwasaidia wagonjwa wa saratani". Nia ni njema lakini ni pana mno, na upana ndipo fedha zinapopotelea. Ngoja nikuonyeshe mahali penye tundu. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi akianza mionzi, kwa kawaida hupigwa siku tano kwa wiki kwa wiki tano, kisha hufuata mionzi ya ndani. Kila siku kwenye mashine ni dakika chache. Lakini mashine ziko kwenye hospitali chache kubwa, kama Ocean Road pale Dar es Salaam na Bugando kule Mwanza, na yeye ametoka Ikwiriri, au Liwale, au ndani zaidi. Anafika na mfuko wa nguo na khanga mbili. Swali lake la kwanza dirishani siyo atapona au la, ni atalala wapi. Akikosa pa kulala, au nauli ya kila siku ikimwishia wiki ya tatu, anarudi nyumbani kupalilia, akiahidi kurudi. Mionzi iliyokatizwa katikati haifanyi kazi kama iliyokamilika, na uvimbe haumsubiri. Nimewaona wengi wakiondoka hivyo, na sijawahi kulizoea.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningechangisha nauli, malazi na chakula kwa wanawake wa Rufiji, Kibiti na Mafia wanaopigwa mionzi Dar es Salaam, basi. Mchangiaji ataelewa mara moja: kiasi hiki kinamlaza mama mmoja wiki moja. Nenda kwanza kwenye kitengo cha ustawi wa jamii cha hospitali husika, maana wao ndio wanaojua nani hana pa kulala, na muandikiane makubaliano kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Akaunti iwe ya pekee, yenye watia sahihi watatu na mmoja wao asiwe wa familia yako. Namba ya kulipia iwe kwa jina la mfuko au taasisi mliyokubaliana nayo, siyo simu yako ya mkononi. Itangaze moja tu na usiibadilishe kamwe. Safari ikivuma, matapeli watachukua picha yako na kubandika namba yao, na njia ya pekee ya watu kuwatambua ni kwamba yako haijawahi kubadilika. Kuhusu kibali cha kukusanya michango hadharani, anzia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na usikubali mtu akwambie "anza tu, tutarekebisha".

Gharama za safari zitenge kabisa. Mafuta ya boti, posho ya muuguzi, chakula, vyote vitafutiwe wafadhili wake, hata kama ni wafanyabiashara watatu wa Ikwiriri. Hapo utaweza kusimama kijiji chochote na kusema kila senti ya michango inakwenda kwa wagonjwa, na liwe kweli. Kila Ijumaa toa hesabu: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Ukishakabidhi, usipige picha za wanawake waliosaidiwa wakiwa wameshika bahasha. Mgonjwa hatakiwi kulipia kitanda kwa uso wake.

Vijijini utakapotua utazungumza, na maneno yako yatabebwa mbali kuliko fedha. Maarten, baada ya dhahabu yake ya Beijing, aliulizwa kama ushindi ulitokana na moyo wa kupambana. Alikataa. Alieleza kwamba yeye alilala kitandani na kufuata walichomwambia madaktari, na kwamba kuwaambia watu kuwa fikra chanya hushinda saratani ni hatari, kwa sababu aliyekufa ataonekana hakupambana vya kutosha. Nakuomba ulishike hilo. Mbele yako kutakuwa na watu waliozika mama zao. Usiwaambie ulipona kwa sababu ulikuwa jasiri. Waambie uliona uvimbe, ukaenda, ukapimwa, ukamaliza dawa. Wengi wanatufikia hatua ya tatu na ya nne, saratani ikiwa imeshaenea na kupona ni kugumu zaidi. Mwombe muuguzi wa zahanati ya kila kijiji akae karibu nawe, awaeleze wanawake uchunguzi wa mlango wa kizazi unafanyika wapi na siku zipi, na awakumbushe wazazi kuhusu chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana, ambayo nchini kwetu inatolewa kitaifa tangu 2018. Ukitoka mtoni na michango haba lakini wanawake ishirini wamekwenda kupimwa, mimi kama daktari nitaihesabu safari imefanikiwa.

Mume wako. La kumjaribu Mungu mtalizungumza na shehe wenu, siyo eneo langu. Ninachoweza kukwambia ni kile ninachokiona kliniki: waume wanaozuia mara nyingi ndio waliokaa macho usiku wa dripu, wakishika beseni, na hawataki kuurudia usiku ule. Usibishane naye kwa habari za ushujaa wa watu wa Ulaya. Njoo naye siku ya majibu ya eko, ayasikie kwa masikio yake, aniulize anachotaka, hata yale asiyotaka kuyauliza mbele yako. Kisha mpe futi. Yeye ndiye awe anapima mkono kila Jumamosi na kuandika kwenye daftari. Akiona namba zimetulia wiki baada ya wiki, mazungumzo yenu yatabadilika. Zisipotulia, atakuwa na haki ya kukuzuia na mimi nitakuwa upande wake.

Hatua zako za karibu, basi: eko na picha kamili ya damu mwezi huu, fiziotherapia baada ya hapo, na barua ya muhtasari wa matibabu yako yote ambayo nakala yake itakaa kwenye boti. Ukipata majibu niandikie, tupange wiki ya kuanza mazoezi. Eko ikionyesha moyo umechoka, usiifute safari. Kaa kwenye boti ya injini, kafi wapewe dada wengine waliotibiwa na ambao mioyo yao iko sawa, nawe ushuke kila kijiji uzungumze. Kwa mpango huo pia nitakuandikia barua ya ruhusa.